Popote Pasipo Nyumbani Kwangu

Bwenini, 11 Februari

Mwanangu Sindano,

Natumaini wewe na wadogo zako mko salama, na cherehani inakula nguo za watu badala ya kukula wewe. Mimi mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha kila asubuhi kwamba chumba changu kiko ghorofa ya tatu. Wale wasichana wawili ninaolala nao wameacha kuniita mama. Sasa wananiita Mheshimiwa, tangu darasa liliponichagua kuwa mwakilishi wake. Nilimshinda kijana mmoja anayevaa tai hata akienda kuteka maji. Mwalimu wetu wa Uongozi na Ushiriki wa Raia alisema mbele ya wote kwamba mtu aliyewasimamia madobi wa hospitali miaka ishirini hana cha kufundishwa kuhusu kuongoza watu wenye hasira. Wakacheka. Nami nikacheka, ingawa nayakumbuka mashuka yale na sioni cha kuchekesha.

Vikao vya Jumapili mnaendelea navyo? Sikuwafundisha kwa mchezo. Nyumba isiyo na kikao huongozwa na mwenye ulimi mrefu, na katika nyumba ile tunamjua. Uwe mwenyekiti, lakini Breki akiwa safarini na basi lake asubiriwe, na Kinda aachwe aseme hata kama ndiye kitinda mimba. Huu ni mwaka wake wa mtihani. Jioni asipewe kazi za jikoni.

Sasa neno moja. Breki aliponiletea kile kifurushi alikunywa chai, akanipa habari za barabara, halafu akiwa mlangoni akaniuliza niliweka wapi lile shuka la mpira tulilomtandikia bibi yenu siku zake za mwisho. Nikamuuliza la nini. Akasema basi linamsubiri. Basi analoendesha yeye mwenyewe, mwanangu, linamsubiri vipi? Niambie nani anaumwa. Na usinipigie simu, maana tukipigiana tunaishia kukatiana. Andika, mpe Breki alete.

Mama yako


Nyumbani, 2 Machi

Mama, shikamoo.

Sisi wazima. Nina oda ya sare za shule nzima na vidole vyangu vimejaa matundu kama chujio. Fundi bomba jirani yetu ameoa tena, safari hii mwanamke mwenye akili, kwa hiyo hawatadumu. Breki hajambo. Kinda anakusalimu. Hongera kwa uheshimiwa.

Anayeumwa ni baba.

Alikuja mwisho wa Januari. Yule mwanamke wake wa duka la dawa alimleta kwa teksi, akamshusha getini na begi lake, akamwambia dereva asizime gari. Mimi nilikuwa na futi shingoni na pini mdomoni, sikuweza hata kumtukana. Aliniambia, "Mimi nilichukua mume. Mgonjwa ni wenu." Akapanda gari. Baba amepigwa na kiharusi. Upande wa kulia umekufa, mdomo umekwenda kombo, na akisema maneno kumi unashika moja.

Tuliketi kikao siku ya Jumapili kama ulivyotufundisha. Ajenda ilikuwa moja. Nikauliza nani anakubali baba abaki. Nikanyoosha mkono, Breki akanyoosha. Kinda akauliza kama anaweza kusema kwanza. Nikamwambia kura imeshapita. Wengi wape, mama, ni maneno yako.

Yuko chumbani kwako, kwa sababu mlango ni mpana na choo kiko karibu. Nguo zako nimezitia kwenye sanduku. Shuka la mpira tulilipata.

Mwanao, Sindano


Bwenini, 20 Machi

Sindano,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara moja, ikatosha.

Kikao bila mwenye nyumba si kikao. Ni soga yenye mikono juu. Ningekuwa mwalimu wako ningekupa sifuri na kukurudishia karatasi.

Baba yenu aliondoka wiki ile niliyolazwa kupasuliwa. Nilirudi na nyuzi tumboni nikakuta kabati limebaki tundu. Kinda alikuwa na miaka sita, amekaa kizingitini anamsubiri, na aliendelea kumsubiri pale mpaka mvua zikaja. Sikumlaani. Nilisema tu kwamba mlango ule hataupita tena kwa miguu yake. Nakubali kwamba hakuupita kwa miguu yake.

Mtoeni chumbani mwangu. Stoo ina dirisha.

Na niambie anaogeshwa na nani. Wewe huachi cherehani, Breki haachi barabara. Kinda alikuwa na kawaida ya kuniandikia mstari mmoja chini ya barua yako. Safari hii sikuuona.

Mama yako


Nyumbani, 25 Aprili

Mama, shikamoo.

Nimechelewa kwa sababu ya zile sare, na kwa sababu kila nilipoanza kuandika nilikuwa natoboa karatasi. Huku hatujambo. Mke mpya wa fundi bomba ameshamfukuza mama mkwe, sasa anasogea kwa mashemeji.

Baba yuko palepale. Stoo ina panya, na panya hawajasoma haki za raia. Wewe mwenyewe uliniandikia mwaka jana kwamba asiyehudhuria mkutano amekubali maamuzi yake. Uliipigia mstari sentensi hiyo.

Anakuita. Jina lako halimtoki lote, silabi ya mwisho inabaki kwenye ule upande uliokufa, lakini tunalijua. Nilimwambia uko chuoni unasomea uongozi. Akacheka kwa nusu ya uso. "Siku zote," akasema. Maneno hayo yalimtoka vizuri kabisa, hata Breki aliyasikia.

Kuhusu kuogeshwa, tunasaidiana. Kinda ana mambo mengi, ndiyo maana haandiki. Likizo ni yako, njoo uone kwa macho.

Mwanao, Sindano


Bwenini, 18 Juni

Mwanangu,

Natumaini hamjambo nyote. Nimekawia, lakini si kwa kununa. Nilikuwa na mitihani na nimeipita yote. Yule kijana wa tai amefeli somo la Maadili, jambo lililotuliza goti langu kuliko dawa.

Likizo sitakuja. Nimepangiwa mafunzo ya vitendo katika mji mdogo wa jirani, kuendesha mabaraza ya wanawake. Mada yangu ni nafasi ya mwanamke katika maamuzi ya nyumba yake. Wanakuja wamefunga mikono, wanaondoka wamefungua midomo. Kuna mmoja, muuza mkaa, hajawahi kukaa kwenye kiti mbele ya shemeji zake. Nilimkalisha kwenye kiti cha mwenyekiti akaongoza baraza zima. Alipomaliza alikipangusa kile kiti kwa upindo wa nguo yake, asimchafulie atakayekikalia. Nililia, mimi unayenijua.

Mwalimu aliposikia habari za mabaraza akanipeleka redioni, kile kipindi cha asubuhi kinachosikika kila mahali. Sikutaja jina la mtu. Nilisema tu kwamba kuna mwanamke aliyejenga nyumba kwa mikono yake, akaenda kutafuta elimu uzeeni, na alipokuwa huko akarudishiwa mume aliyemtoroka, wanawe wakapiga kura kumnyang'anya kitanda. Mtangazaji akauliza, "Na mwanamke huyo alifanya nini?" Nikamjibu, "Aliendelea kusoma." Mtangazaji akalirudia jibu langu neno kwa neno, ukajua limemwingia. Nikasema pia kwamba binti wa mwisho wa mwanamke huyo anafanya mtihani mwaka huu, kwa sababu mama yake aliapa hakuna mtoto wake atakayekuwa yaya wa mtu mzima. Wasikilizaji walipiga simu mpaka kipindi kikaisha.

Niambie kama mlinisikia.

Mama yako


Nyumbani, 1 Julai

Mama, shikamoo.

Tulikusikia.

Nilikuwa na wateja watatu chumba cha mbele: mke wa fundi bomba, mama wa duka la mchele, na mwalimu wa hisabati wa Kinda aliyekuja kupunguziwa sketi. Redio ilikuwa rafuni. Uliposema tu "kuna mwanamke", mke wa fundi bomba akainua kichwa. "Sauti hii si ya mama yenu?" Nikanyoosha mkono kuzima. Mwalimu akanishika. "Acha tumsikilize," akasema, kwa heshima kabisa. Basi tukasikiliza wote jinsi nilivyokunyang'anya kitanda.

Ulipofika kwa binti wa mwisho, Kinda akatoka ndani na beseni la mashuka. Unaijua nyumba yako, hakuna njia ya kwenda kambani ila kupita katikati ya wateja. Na harufu unaijua, umeifua miaka ishirini. Redio ikasema hakuna mtoto wako atakayekuwa yaya wa mtu mzima. Mke wa fundi bomba akacheka. Hakukusudia, kilimponyoka. Mwalimu akatazama sakafu. Kinda alisimama na beseni lake mpaka ulipomaliza sentensi, kwa adabu, kama anavyosimama siku zote ukizungumza. Kisha akaenda kuanika.

Sasa umejua anaogeshwa na nani. Kinda hajaenda shule tangu Machi. Safari hii hatukupiga kura, niliamua mimi. Breki akiacha basi hatuli. Mimi nikiacha cherehani hatuli. Yeye akiacha shule, tunakula. Mwalimu alikuwa ameshakuja mara mbili kumwulizia nikamwambia ana homa. Siku ile hakuuliza. Sketi yake iko hapa hadi leo, hajaifuata.

Baba naye alisikia, ukuta ule mwembamba. Machozi yanamtoka jicho moja tu, la pili haliwezi. Kinda alimpangusa yote mawili.

Umesema vizuri sana redioni. Hukukohoa hata mara moja.

Sindano


Stendi, 9 Julai

Sindano,

Breki amenipa barua yako kupitia dirishani, hakushuka. Nimeisoma nimesimama, na ninaandika juu ya mzigo wa mtu.

Umemla mdogo wako. Sina neno jingine.

Kesho arudi shule. Wakikataa, mpigie mwalimu magoti, magoti yako bado mazima. Usimtume Kinda aombe mwenyewe.

Najua utauliza kwa nini siji. Sitakuficha. Nimechaguliwa kuhutubia kwa niaba ya wahitimu wote siku ya mahafali. Wakubwa watakuwepo, na mmoja wao ameniahidi kazi ya kufundisha uraia mikoani. Nikija huko nitaingia chumba kile, nitainama nishike beseni, na sitainuka. Najijua. Nimefua uchafu wa watu tangu nikiwa na umri wako, na waliolala juu yake hata mmoja hakuwahi kuniuliza jina.

Kwa hiyo muondoeni. Ana dada zake. Ana yule wa dawa. Kuna makao ya wazee. Sitaki kujua mtampeleka wapi. Popote pasipo nyumbani kwangu.

Mama yako


Nyumbani, 30 Septemba

Mama yangu, shikamoo.

Natumaini goti limepoa. Sisi tuko salama kabisa. Breki amepewa basi jipya lenye viti vinavyolala, anaringa nalo kama amelizaa. Sare zimekwisha na shule imeleta oda nyingine. Mke wa fundi bomba ameondoka, kabeba na mabomba.

Nimekaa na barua yako miezi hii yote, na hasira zimeniisha. Ulisema kweli, nilimwonea Kinda. Shule hawakuweza kumpokea mwaka huu, majina ya mtihani yalikuwa yameshapelekwa. Nilipiga magoti kama ulivyosema, na mwalimu aliniinua kwa kiwiko kama mtu anayeokota kitu asichotaka kukigusa. Lakini mkuu wa shule amekubali Kinda aanze upya Januari, mradi nyumbani kuwe kumetulia. Kutakuwa kumetulia. Kuhusu baba, tumepata mahali. Hukutaka kujua, sitakuambia.

Mahafali tunakuja. Haiwezekani mama yetu ahutubie wakubwa na mstari wa mbele hauna mtu wake. Nakushonea gauni la kuvaa ndani ya joho, kitambaa cha samawati, kola ndogo. Niandikie saa, lango la kuingilia, na kama kuna ngazi za kufikia viti vya mbele. Nimenunua viatu virefu na sijavizoea.

Mwanao, Sindano


Bwenini, 12 Oktoba

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, marahaba. Barua yako nimewasomea wale wasichana wawili, nikaruka mambo ya ndani. Wamesema nina bahati ya watoto.

Njooni asubuhi, lango kubwa. Hakuna ngazi hata moja. Kuna njia ya saruji laini kutoka langoni mpaka mbele ya jukwaa, utatembea na viatu vyako kama bibi harusi. Nimewaombea viti vitatu mstari wa mbele, wewe, Breki na Kinda. Mwambie Kinda nina hamu ya kuona mwandiko wake, hata akiandika jina lake tu.

Asante kwa lile la baba yenu. Na asante kwa kutoniambia.

Mama yako


Njiani, 22 Novemba

Mama,

Naandika ndani ya basi, Breki anaendesha na baba amelazwa viti viwili nyuma yangu. Barua hii nitaiweka juu ya begi lake, ina jina lako.

Ulisema popote pasipo nyumbani kwako. Tumetafuta. Dada zake walituzungumzisha kupitia dirishani. Yule wa dawa amehama, duka limekuwa la simu. Makao ya wazee hawapokei mtu mwenye mke hai na watoto watatu. Hapo ulipo si nyumbani kwako. Ndiyo sehemu pekee niliyoona inatimiza sharti.

Vidonge vyeupe asubuhi, vya njano jioni baada ya kula. Maji mpe kwa kijiko, kidevu kikiwa chini, la sivyo yanampalia. Ageuzwe mara kwa mara ama mgongo utachimbika. Kinda amemtunza miezi yote hii na hana kidonda hata kimoja, nakuomba usituaibishe. Hapendi kulishwa na mtu aliyesimama.

Kinda tumemwacha nyumbani. Anajua tunamleta baba akuone na joho, kisha tunarudi naye. Alimnyoa asubuhi hii akamfunga tai, akarudia mara tatu mpaka ikakaa sawa.

Gauni nililompa Breki akuletee juzi likikubana kwapani, fundi yeyote anaweza kuachia mshono.

Sindano


Kituoni, 6 Desemba

Sindano,

Natumaini mlifika salama. Mimi nimefika. Nimepewa chumba juu ya ofisi ya mafunzo, kina meza, dirisha na kitasa. Watu wa huku wananiita Mwalimu.

Nilikuwa katikati ya hotuba mlipotokea mkimsukuma baba yenu kwenye kigari cha wagonjwa, kwenye njia ya saruji niliyokusifia. Wahudumu wakawapisha. Wakamwondoa hata mgeni mmoja ili kigari kikae. Nilikuwa nasema juu ya kiongozi anayesikiliza. Sikukosea neno. Nilipomaliza, mshereheshaji alikuwa ameshanong'onezwa. Akatangaza kwamba mume wa mzungumzaji amefika licha ya maradhi yake, na kwamba uraia mwema huanzia nyumbani. Watu walisimama. Makofi yake yalikuwa marefu kuliko yangu. Mkuu wa chuo akashuka, akamshika mkono ule mzima, akaniita tukapigwa picha watatu. Nilitabasamu. Wameitundika chini hapa, kwenye mapokezi, na kila anayepanda ngazi ananipongeza.

Nilipogeuka kuwatafuta hamkuwepo. Nilidhani mmefuata kivuli, au maji. Watu wakaondoka. Vijana wakaanza kukunja mahema na kupanga viti. Tukabaki wawili, kwa mara ya kwanza tangu siku aliyonipeleka hospitali. Akaniita, nusu jina. Nikamwuliza, "Unataka nini?" Akasema, "Maji."

Basi la kuja huku lilikuwa linaondoka alfajiri. Bwenini mwanamume haingii. Nilikuwa bado nimevaa joho, na lilikuwa la kuazima. Nilimsukuma mpaka langoni nikamwambia mlinzi kwamba wanawe wamefuata gari, wanarudi sasa hivi. Mlinzi akasema, "Hongera, mama. Wewe una familia." Akaona bahasha juu ya begi, akasoma jina, akanipa. Niliifungua kesho yake tukiwa tumeshaacha mji nyuma.

Wewe una ulimi, lakini moyo wa kumtupa baba yako huna. Mlikuwa nyuma ya ukuta mnanipima. Mtakuwa mlimchukua kabla hata sijavua joho, na mkafanya mlichokusudia kufanya naye. Siulizi. Kinda aanze shule Januari, vitabu nitatuma.

Gauni halikubana.

Mama yako


Nyumbani, 28 Desemba

Mama, shikamoo.

Sisi hatukuwa nyuma ya ukuta. Basi la Breki lina ratiba. Usiku wake tulikuwa nyumbani, nikamwambia Kinda kwamba mama ameamua kumtunza baba. Alinitazama sana. "Mama amesema kwa mdomo wake?" Nikasema ndiyo. Akaingia chumbani kwako, akafua kila kitu, akafungua madirisha. Siku zilizofuata alikuwa anaimba jikoni. Alitoa vitabu vyake chini ya kitanda akaanza kuvifunika na magazeti.

Barua yako ya tarehe sita nilimsomea Breki mezani. Tulidhani Kinda yuko dukani. Nilipofika pale pa mlinzi nikasikia mtungi wa mafuta unawekwa chini, polepole. Akaingia ndani, akatoka na mkoba wake. Breki akamwambia, "Panda kwangu, nikupeleke." Akaenda kupanda basi la kampuni nyingine.

Haya nimeyapata kwa kondakta wa basi alilorudi nalo: mlinzi alimweka baba kibandani kwake siku mbili, akimlisha mkate uliolowekwa kwenye chai, akituangalia njiani. Mke wa mlinzi alipochoka walimpeleka hospitali, wodi ya wasio na jamaa. Hakuna aliyepigiwa simu. Kwenye begi niliweka vidonge, namba yetu sikuiweka. Ningependa kusema nilisahau.

Kinda alimkuta. Wauguzi walimwuliza, "Wewe nani yake?" Sijui aliwajibu nini, ila walimpa. Mgongo umechimbika sehemu mbili, moja unaona mfupa. Amerudi naye wakati watu wanafunga maduka, yeye na kondakta asiyemjua wamembeba mlangoni, mimi nimesimama na mkasi mkononi kama mgeni. Wako chumbani kwako. Ametia komeo kwa ndani.

Shule imeleta barua ya kumwita. Niliipitisha chini ya mlango, ikarudi. Nikaipitisha tena, ikarudi imekunjwa vizuri. Breki siku hizi analala kwenye basi. Mimi nashona. Cherehani ikinyamaza nawasikia wanazungumza mle ndani, yeye na baba, maneno mengi tu, na kila mmoja anamwelewa mwenzake. Nikigonga wananyamaza.

Leo nilisimama mlangoni nikamsomea barua hii yote kabla sijaifunga. Nikamwuliza kama ana neno la kukuandikia. Nikasikia kijiko kinakwangua bakuli.

"Mwambie mama," akasema, "baba amekula."

Sindano